Kwa Nini Tunakagua Ubao Mama Kabla ya Kukuuzia Diski

Malalamiko tunayoyasikia kuliko yote hapa dukani kwetu Ngamiani, Tanga, ni kwamba tunatoza shilingi 10,000 kwa "kuangalia tu" kompyuta ya mteja aliyekuja kuulizia diski. Hivi karibuni mteja mmoja aliondoka amekasirika, akisema kwamba diski ni diski, na kwamba akiagiza Dar es Salaam hakuna anayemuuliza kompyuta yake ina ubao mama gani, yaani ile bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta. Ni kweli haulizwi, na ndiyo maana diski nyingi zinazoletwa kwa basi huishia mezani kwetu, zikiwa mpya kabisa lakini hazisomeki.

Tatizo kubwa liko kwenye diski nyembamba za M.2, zile zinazofanana na kipande cha ramu. Ziko za SATA na za NVMe, yaani njia mbili tofauti za kupitisha data kati ya diski na kompyuta, NVMe ikiwa ya kasi zaidi, nazo zinakaribiana mno kwa sura: zote zina upana wa milimita 22, na nyingi zina urefu wa milimita 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Ukiangalia meno yake utaona kwamba nyingi za SATA zina mapengo mawili, ilhali za NVMe kwa kawaida zina pengo moja. Hata hivyo, pengo likilingana na sloti bado kazi haijaisha, kwa kuwa zipo kompyuta ambazo sloti yake imeunganishwa na njia za SATA pekee. Hapo diski ya NVMe itaingia vizuri, skrubu itafungwa, na kompyuta haitaiona.

Ndivyo ilivyomkuta mwalimu mmoja wa Muheza, aliyenunua NVMe ya gigabaiti 512 kwa sababu rafiki yake alikuwa nayo. Muuzaji alikataa kuipokea kwa kuwa lakiri ilikwisha kukatwa, na mwalimu akalazimika kununua nyingine ya SATA, hivyo akalipia diski mbili ili atumie moja.

Kinachotuumiza zaidi ni kulazimisha. Kadi ya Wi-Fi ya kompyuta mpakato nayo hukaa kwenye sloti ya M.2, ila pengo lake liko mahali pengine na sloti hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya diski. Kijana mmoja aliichomoa kadi hiyo, akasukuma diski fupi mpaka ikazama. Tulipoitazama sloti kwa lenzi, pini za upande mmoja zilikuwa zimelala na mbili zimegusana. Tuliing'oa sloti nzima kwa hewa ya moto, tukasafisha ubao na kulehemu nyingine pini moja baada ya nyingine, kazi iliyokula mchana mzima na kumgharimu kuliko ile diski yenyewe.

Kompyuta za mezani zina mitego yake. Kwenye mbao mama nyingi, sloti ya M.2 hushiriki njia na baadhi ya milango ya SATA, kwa hiyo ukichomeka diski mpya, mlango fulani huzimwa. Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ofisi alifungiwa M.2 na mpwa wake, na asubuhi diski yenye hesabu zake zote ikawa haionekani. Alifika kwetu akiwa tayari kulipia kazi ya kuokoa data, kumbe ilitosha kuhamishia kebo kwenye mlango mwingine. Vilevile, mbao mama nyingi zilizotoka kabla ya 2014 haziwezi kuwasha kompyuta kutoka kwenye NVMe hata ukitumia adapta, na diski ya terabaiti 4 iliyogawanywa kwa mfumo wa zamani wa MBR haitumiki zaidi ya takriban terabaiti 2.

Basi hiyo 10,000 inalipia nini? Tunafungua kompyuta, tunasoma namba ya ubao mama iliyochapwa juu yake pamoja na toleo la BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta), kisha tunasoma sehemu ya hifadhi katika mwongozo wa mtengenezaji: sloti zipo ngapi, zinakubali SATA, NVMe au zote mbili, na diski ya urefu gani inakaa. Kufungua hakukwepeki, kwa sababu kompyuta mpakato mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana, moja ikiwa na sloti na nyingine ikiwa na alama za kulehemu tu mahali sloti ilipopaswa kuwa. Ukinunua diski kwetu, fedha hiyo tunaikata kwenye bei.

Tena si mara chache ukaguzi huo humpunguzia mteja gharama. Kompyuta yenye SATA pekee haitanufaika na NVMe inayosoma megabaiti 3,500 kwa sekunde, kwani kikomo cha SATA ni takriban 550. Tunamshauri mwenye nayo achukue SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya kawaida ya inchi 2.5, ambayo bado itaiacha mbali diski ya kuzunguka aliyoizoea.

Ukija, leta kompyuta pamoja na chaja yake. Ikiwa umekwisha kununua diski kwingine, ije na risiti, na lakiri yake usiikate mpaka tumalize kukagua.