Wati mia za nini jamani

Bwana Mhariri,

Mpwa wangu alinijia Jumapili na gazeti lenu mkononi, amelikunja pale kwenye ukurasa wa muziki, akaniambia mjomba hebu soma hapa, wanasema ukitaka sauti ya roki ya zamani na bluzi lazima ununue amplifaya ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, ya wati 100, chini ya hapo ati ni mchezo wa watoto. Nikasoma mara mbili, nikacheka, halafu nikakasirika kidogo, maana huyu kijana kashaanza kuweka pesa kwa sababu ya hayo maneno na mimi ndo nakaa naye ukuta kwa ukuta hapa Walukuba, Jinja.

Hizo wati 100 zina sababu yake ya zamani. Jim Marshall, yule wa amplifaya za Marshall, alikuwa mpiga dramu na mwenye duka la vyombo vya muziki Hanwell, London. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake waliiga mchoro wa amplifaya ya Fender Bassman ya Marekani, ambayo yenyewe ilitengenezewa gitaa la besi, wakaiunda kwa vifaa walivyopata Uingereza, ikazaliwa amplifaya yao ya kwanza, JTM45. Hiyo haikufika hata wati 50. Miaka kama mitatu baadaye ndo Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, akataka makelele zaidi na wati 100 zikaja, na alikuwa na haki, maana enzi hizo spika za ukumbi zilibeba sauti za waimbaji tu, gitaa lilijipigania lenyewe. Sasa leo hata kwenye harusi Bugembe fundi wa sauti anakuwekea maiki mbele ya spika yako na mambo yameisha.

Tena hesabu yenyewe inadanganya watu. Ukitoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu, sikio linasikia kaongezeko kadogo. Ili mtu aone sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama mara kumi ya wati, kwa hiyo ile ya wati 15 mnayoiita ya watoto, kwa sauti ni kama nusu ya ile ya 150, na inashindana na dramu bila shida.

Lakini hilo siyo jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba utamu wa valvu hautoki ikiwa imelala. Valvu ukiisukuma mpaka ikaanza kulemewa haikati sauti ghafla kama panga, inaikunja polepole, basi ukigusa uzi taratibu gitaa linaongea safi, ukiukwaruza kwa nguvu linanguruma, ukipunguza volyumu pale kwenye gitaa lenyewe linarudi safi tena, yaani mkono wako ndo pedali ya kubadili sauti. Bluzi ni hapo tu, hakuna kingine. Sasa amplifaya ya wati 100 uifikishe hapo ndani ya nyumba ya vyumba viwili? Utaiweka volyumu kwenye 2 maisha yako yote, umelipia joto. Ni kama kununua lori la miwa la Kakira uwe unaendea nyanya sokoni. Najua mtasema kuna zile zenye volyumu mbili, moja ya kukwaruza na nyingine ya kupunguza, kweli zipo na zinasaidia, ila hapo unasikia vile vivalvu vidogo vya mbele peke yake, vile vikubwa vya nyuma na transfoma ya spika vimesinzia.

Mimi ningemwambia kijana atafute ya wati 15 mpaka 22 yenye spika moja ya inchi 12. Zenye valvu za EL84, kama Vox AC15 au Fender Blues Junior, zinawahi kunguruma. Zenye 6V6, kama Deluxe Reverb ya wati 22, zinakaa safi zaidi na zina ule mwangwi wa springi ambao ukiusikia usiku unataka kulia. Akitaka ile sauti ya kati iliyojaa ya roki ya Uingereza basi zenye valvu za EL34, na zipo ndogo pia siku hizi. Aende na gitaa lake mwenyewe dukani, siyo lile la ukutani, na aombe wafungue volyumu, akiijaribu kwa kunong'ona hajajaribu kitu.

Mlichoacha kabisa ni umeme, na hapo ndo nimeumia mimi. Binamu yangu aliniletea amplifaya kutoka Marekani, nzuri, inang'aa, mimi na haraka zangu nikabadilisha plagi tu nikachomeka ukutani. Banange! Ya kule ni volti 120, yetu ni 240. Fyuzi ilikufa palepale na ndiyo iliyoniokoa, fundi wa redio alipoifungua akakuta transfoma nzima, akanitazama hivi kama mtoto aliyekula sabuni. Kwa hiyo kitu cha kwanza geuza nyuma usome volti kabla hujasoma jina la mbele. Kama ni ya 120 utahitaji transfoma ya kushusha, nzito kama tofali, na usiipime kwa wati za sauti maana ya wati 15 inaweza kula zaidi ya 100 za ukutani. Soma pia kama imeandikwa 50 hazi, ndiyo mizunguko ya umeme wetu kwa sekunde, nyingine zilitengenezwa kwa 60 za Marekani tu na huku transfoma yake inaweza kuchemka.

Halafu nunua stabilaiza, ya kushikilia volti zisipande wala kushuka. Sisi wa Jinja bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, liko hapo tangu 1954, lakini umeme ukifika kwangu kupitia hizi waya za nyumba za zamani umeshachoka, saa moja jioni majirani wakiwasha pasi nasikia gitaa linazama, ukirudi baada ya kukatika unarudi na hasira. Valvu haipendi hayo. Na usiiwashe bila spika kuunganishwa, utaunguza ile transfoma ya spika, na usiifungue ndani kwa bisibisi hata kama umeichomoa, kapasita zinaweka umeme wa kuua mtu.

Valvu zinachoka pia, anayepiga kila wiki akumbuke kuweka akiba. Nyingi siku hizi zinatoka Urusi, China na Slovakia, huzikuti kila duka, na kwenye boda uibebe mapajani imefungwa blanketi, siyo kuifunga nyuma kwa mpira, mashimo ya barabara yatazilegeza zote.

Na kama pesa haitoshi anunue ya tranzista asione aibu, B.B. King mwenyewe, gwiji wa bluzi, alipiga miaka mingi na amplifaya ya Lab Series L5 ambayo haina valvu hata moja, mkamwambie yeye siyo bluzi.

Ijumaa jioni nimemwita mpwa wangu aje na gitaa lake, nitamwachia ile yangu ya wati 15 kwa nusu saa, volyumu kwenye 6, mimi nitakaa nje na majirani tumsikie. Mwandishi wenu naye anakaribishwa, aje na ile yake ya wati 100 na kabati lake la spika nne za inchi 12, ila kutoka steji ya boda mpaka kwangu atabeba mwenyewe.

Mjomba mpiga gitaa,
Walukuba, Jinja