Kwako mdogo wangu, kuhusu simu niliyompigia kaka

Mdogo wangu mpendwa,

Mara tatu nimekuandikia na mara tatu nimeichana karatasi. Safari hii naandika mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, kwa kuwa na wewe ulinisema mbele ya kila mtu. Nilikuwa nimeinama kuchota udongo, zamu yangu ya kuutia kaburini mwa kaka imefika, ndipo uliposema, wala si kwa kunong'ona, "Muulizeni huyu, ndiye aliyempigia simu." Hakuna aliyekujibu. Nilibaki nimefumba mkono mpaka udongo ukaanza kukauka katikati ya vidole, na hadi leo sikumbuki kama niliutia kaburini au niliondoka nao.

Nilimpigia, sikatai. Ilikuwa asubuhi ya harusi ya binti yangu, akaniambia mawingu yamekaa chini sana na angesubiri kidogo kabla ya kuruka na ndege, nami nikamwambia, "Kaka, tunakungoja wewe tu." Ni maneno ambayo ndugu yeyote angeyasema.

Tangu siku ile nimesoma kuliko nilivyowahi kusoma shuleni. Leseni ya kaka ilimruhusu kuruka kwa kutazama nje tu, ambako rubani anaiona ardhi na upeo wa macho. Kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea vyombo vya kupimia vilivyo mbele ya rubani kuna mafunzo yake na kibali chake, na hivyo hakuwa navyo. Majimaji yaliyo ndani ya sikio, ambayo hutujulisha kama tumekaa wima au tumeinama, huuzoea mzunguko wa taratibu kisha yakanyamaza, kwa hiyo ndege hulalia bawa moja huku mwili wa rubani ukiapa kwamba iko sawa. Akiona inashuka huvuta usukani, na kwa kuwa imelala upande, kuvuta huko huzidi kuukaza mzunguko. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapima watu 20 wasiokuwa na uzoefu wa kutegemea vyombo: wote walishindwa kuimudu ndege, baada ya wastani wa sekunde 178 bila kuona nje. Simu yangu ilichukua muda mrefu kuliko huo, na usiku ndiyo hesabu ninayoirudia.

John F. Kennedy Jr. naye, mwana wa rais wa Marekani, tarehe 16 Julai 1999 alikuwa akirusha ndege kwenda kwenye harusi ya binamu yake, usiku, juu ya bahari, katika utusitusi uliouficha upeo. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipotewa na mwelekeo akashindwa kuidhibiti ndege yake. Sijasikia mtu akimlaumu bibi harusi.

Nakushauri basi, kama mkubwa wako, usiibebe hasira hii miaka yote, kwa sababu itakula afya yako kabla ya yangu, na kwa sababu si haki. Mwezi mmoja kabla ya ajali ulikaa kiti cha pembeni yake. Mkapita ndani ya wingu, ukarudi ukatusimulia mezani huku ukicheka jinsi kioo cha mbele kilivyogeuka cheupe kana kwamba kimetandikwa shuka, na jinsi kaka alivyokugusa goti akikuambia usiogope, ilhali mkono wenyewe ulikuwa ukitetemeka. Ulituigizia hata ule mtetemeko. Sote tulicheka, mimi nikiwa wa kwanza, lakini mimi sikuwamo ndani ya ndege; wewe ulikuwamo, ukajua kwamba anaingia mawinguni asikoruhusiwa, ukageuza jambo hilo kuwa kichekesho cha chakula cha jioni. Ungemwambia neno siku ile, simu yangu isingekuwa na uzito wowote.

Nimeisoma tena sentensi hiyo na sitaifuta, ingawa najua itakuumiza. Nawe ndiye uliyenishika mkono tulipokwenda kumtambua. Bila wewe ningeanguka mlangoni.

Wachunguzi wamenirudishia vitu vyake. Kuna saa, funguo, na vile vipokea sauti vya abiria ambavyo sponji yake imemeguka upande wa kushoto, ulivyovivaa wewe safari ile. Vimo katika sanduku chini ya kitanda changu. Njoo uvichukue, na kama bado huwezi kunitazama usoni, mtume mwanao.

Mimi, nduguyo.