BARUA YA MALALAMIKO: Mlichomfanyia Baba Yangu Stesheni ya Korogwe

Kwa Uongozi wa Kampuni,
Ofisi ya Uwakala wa Tiketi na Mizigo,
Korogwe.

Salaam. Mimi ni mteja wenu, namba ya tiketi mnayo, jina langu mnalo, na simu nimepiga mara 6, kwa hiyo sitajitambulisha upya. Na masharti yenu ya kuhudumia wazee na wagonjwa mnayajua, mmeyabandika wenyewe ukutani pembeni ya dirisha, sina haja ya kuwasomea.

Naomba kuanza na lile benchi. Saa 7 usiku ule, treni ya kwenda Moshi bado haijafika, baba yangu mwenye miaka 77 amekaa kwenye benchi la kibarazani kwenu, mguu mmoja umevimba, kaunyoosha. Anakuja kijana wenu wa mizigo anamwambia mzee inuka hapo, hapa tunaweka magunia. Baba akamwomba dakika mbili tu. Kijana akavuta begi lake likaanguka, vidonge vya presha vikamwagika chini kwenye vumbi, na magunia ya machungwa yakawekwa pale alipokuwa amekaa baba. Machungwa yakakaa, mzee akasimama. Mimi nilikuwa dirishani nahangaika na tiketi zenu nikageuka nikakuta baba ameinama anaokota vidonge kwa mwanga wa simu.

Nikauliza kulikoni, ndio yule kijana akanijibu, "Kwani stesheni hii ya baba yako?"

Sasa kwa kuwa ameuliza acha nimjibu kupitia nyinyi. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 enzi za Mjerumani, ikafika Korogwe 1902, Mombo ikafuata, baadaye ndio ikasogea mpaka Moshi, na Arusha haikufika mpaka 1929 Waingereza wakiwa wameshashika nchi. Baba hakuwepo, sawa. Ila 1963 ilipofunguliwa ile njia ya kutoka Mruazi kwenda Ruvu, ndio reli yetu ya Tanga ikaungana na reli ya kati, mtu wa Korogwe akaweza kwenda Dar kwa treni bila kuanza kuzunguka, baba alikuwa kijana wa miaka 15 na alikwenda kuiona. 1968 akaajiriwa, wakati huo reli bado ni ya Afrika Mashariki nzima, akawekwa kwenye genge la kubadilisha mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli kuibeba, huku Korogwe na Mombo. Jumuiya ikavunjika 1977 yeye yupo kazini. Mkonge wa mashamba yote haya ulipokuwa unapakiwa kwenye mabehewa kwenda bandari ya Tanga, usiku mvua ikinyesha wao ndio walikuwa wanatembea kwa miguu na taa kuangalia kama maji yamekula tuta. Mgongo alionao leo aliupata huko. Treni ya abiria ilipokuja kusimama, ile miaka mingi ambayo majani yaliota mpaka katikati ya reli, mzee alikuwa akipita pale anageuza uso, alikuwa hataki hata kuangalia. Desemba 2019 treni ya Dar na Moshi iliporudi alivaa koti lake, akaenda kusimama usiku kuisubiri na hasafiri popote, alikwenda kuiona tu. Kwa hiyo mwambieni huyo kijana ndiyo, stesheni hii ni ya baba yangu. Nyinyi mmepewa dirisha na kibaraza tu.

Tiketi nazo. Nililipia siku nne kabla, daraja la pili kulala, watu wawili, kwa sababu mzee anakwenda kliniki Moshi na hawezi kukaa njia nzima. Treni inafika tunakuta vitanda vyetu vina watu na tiketi zao halali kabisa, dirisha lenu lilishafungwa, taa zimezimwa, mhusika hapokei simu. Tumekaa daraja la tatu mpaka Moshi, mguu wa mzee ukining'inia. Wahudumu wa ndani ya treni walitusaidia walivyoweza, hao sina ugomvi nao, mama mmoja abiria ndiye aliyempisha baba dirishani.

Meneja wenu nilipompigia alinikatiza, akasema "hilo la benchi ni dogo, tuzungumzie tiketi." Basi narudia la benchi, na mara hii mlisome mpaka mwisho, kwa sababu kuna kitu sikukisema hapo juu, nilikuwa naona aibu kukiandika.

Begi lilipoanguka na vidonge vikamwagika, baba yangu alimwambia yule kijana, "Samahani mwanangu." Yeye ndiye aliyeomba samahani. Mzee wa miaka 77 anamwomba msamaha mtoto sawa na mjukuu wake kwa kosa la kukaa kwenye benchi, halafu anapiga magoti chini kuokota dawa, na wafanyakazi wenu wawili wamesimama, mmoja anachezea simu, mwenzake anacheka. Hakuna aliyeinama. Na baba alipomaliza akanishika mkono akaniambia yaishe mwanangu, usigombane, wasije wakatuzuia kupanda. Alifikiri mna uwezo wa kumzuia kupanda treni! Tangu turudi hataki tena kupita njia ya stesheni, anazunguka kwa nyuma. Hilo ndilo meneja wenu analiita dogo.

Nilipoanza kuandika nilitaka kurudishiwa nauli tu na barua ya kuomba radhi. Sasa hivi haitoshi. Nauli yote ya watu wawili irudi, siyo tofauti ya daraja kama mlivyonitumia kwenye meseji. Dawa zilizochafuka nilinunua nyingine Moshi kwa shilingi 38,000, risiti ninayo. Na msamaha msiuandike, mje muutamke, meneja mwenyewe na yule kijana, mchana, pale pale kwenye benchi, watu wakiwepo kama walivyokuwepo usiku ule. Benchi libaki la abiria, magunia mtafute pa kuyaweka.

Nilisema kwenye simu nawapa siku 14. Kwa jinsi nilivyojibiwa nawapa 7 kuanzia mtakapoipokea barua hii. Siku ya 8 nakala inakwenda LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, pamoja na tiketi zote mbili, risiti, na majina ya abiria watatu waliokubali kuja kueleza walichokiona, na nyingine napeleka ofisi ya mkuu wa wilaya kwa mkono wangu. Na msinitumie tena meseji ya "ombi lako linashughulikiwa." Baba yupo nyumbani kila siku kuanzia saa 3 asubuhi, mkija kumchukua kumpeleka kwenye benchi atakuwa tayari, nimeshamwambia.

Mteja wenu,
Korogwe.