Risala ya Wahitimu wa Kozi ya Huduma ya Vyakula na Vinywaji kwa Mgeni Rasmi, Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima, tunakushukuru kwa kukubali kufika hapa Bagamoyo kujumuika nasi. Badala ya kukuorodheshea kila somo tulilosoma, tumeona tukueleze lile lililotutoa jasho kuliko yote, nalo ni mvinyo mwekundu wa daraja la Reserva kutoka Rioja, kaskazini mwa Hispania. Wengi wetu ni Waislamu na hatunywi. Walimu waliliheshimu hilo, wakatufundisha kuujua mvinyo kwa macho, kwa pua na kwa kanuni zake, kwa kuwa mgeni wa hoteli anayelipia chupa ya bei kubwa anastahili kuhudumiwa na mtu anayekijua alichokishika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zabibu za Rioja, hasa aina ya Tempranillo, huvunwa mara moja kwa mwaka, sanasana Septemba na Oktoba, tofauti na za kwetu Dodoma ambazo mkulima anaweza kuzivuna mara mbili. Zikishapondwa, huachwa zichachuke pamoja na maganda yake, maana rangi nyekundu hutoka kwenye maganda, na ule ukakasi unaoshika ulimi hutoka humo na kwenye mbegu. Kisha machicha hukamuliwa, na mvinyo huhamishiwa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225. Kanuni za Rioja zinautaka mvinyo mwekundu wa Reserva utunzwe kwa muda usiopungua miaka 3, ikiwamo angalau mwaka 1 ndani ya pipa na miezi 6 ndani ya chupa. Hewa kidogo inayopenya mbao huulainisha ukakasi, nao mwaloni huongeza harufu ya vanila na viungo, huku mvinyo ukihamishwa kutoka pipa hadi pipa ili mashapo yabaki nyuma. Si kila lebo yenye jina la namna hiyo ina uzito huo. Marekani, kwa mfano, haina sheria ya nchi nzima inayomfunga mtengenezaji anayeliandika.

Sasa, kazi ya miaka hiyo yote inaweza kuharibiwa na stoo. Ya kwetu imeezekwa mabati, haina kiyoyozi, na mchana wa Februari haikaliki. Chupa moja ya mazoezi tuliyoifungua mbele ya mwalimu ilikuwa na kizibo kilichosukumwa juu, kimelowa ubavuni mwanzo hadi mwisho, na ndani mvinyo ulinukia zabibu zilizopikwa jikoni. Chupa ya aina hiyo hairudishwi hali yake hata ikiwekwa kwenye friji.

Hata mezani joto la pwani linatudai akili. Ushauri wa kuuandaa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi, na mvinyo huu unatakiwa nyuzijoto 16 hadi 18, wakati chumba cha Bagamoyo hukaribia 30. Kwa hiyo sisi huutia kwenye friji kwa muda mfupi kabla ya kuupeleka, tukamwonyesha mgeni lebo, tukazibua mbele yake, tukammiminia kidogo aonje, na akiridhia tukajaza theluthi moja tu ya glasi. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5 za mililita 150, hesabu ambayo meneja yeyote ataiuliza siku ya usaili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba utusaidie kupata kabati la baridi linaloweza kushika nyuzijoto 12 hadi 15, lenye rafu za kulaza chupa ili vizibo visikauke. Pili, tunawaombea wadogo zetu wanaobaki chuoni safari ya Dodoma wakati wa mavuno, wakaone mizabibu kwa macho yao, kwani sisi tunahitimu tukiwa tumeiona kwenye picha tu.

Tunaomba kuwasilisha.