Barua kwa Zuhura, kutoka Aurangabad, India

Mwanangu Zuhura,

Hujambo mama? Sisi huku wazima. Mjomba wako amehitimu, nami nililia mpaka leso ikalowa; picha utaziona nikirudi. Ninalotaka kukusimulia ni la juzi, aliponipeleka kwenye ngome ya Daulatabad.

Ni mlima uliosimama peke yake. Watu wa zamani waliuchonga ubavu ukawa wima kama ukuta, kisha wakauzungushia handaki lililochimbwa kwenye mwamba wenyewe. Ukivuka daraja unaingia njia ya giza waiitayo Andheri, imetobolewa ndani ya jiwe, inapinda huku inapanda. Popo wamejaa, harufu yao inakaba koo. Nilipapasa ukuta, nikahisi alama za patasi vidoleni. Adui aliyefika humo hakujua hatua ya pili atakanyaga nini.

Mwaka 1327 Sultani Muhammad bin Tughluq alipafanya hapa makao yake makuu, akawahamisha watu kutoka Delhi, zaidi ya kilomita 1,000. Wengi walifia njiani. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, naye baadaye alipita hapa.

Lakini aliyenigusa moyo ni Malik Ambar. Alizaliwa Ethiopia mnamo 1548, jina lake la kwao Chapu, akauzwa utumwani angali mdogo. Alipita mikononi mwa mabwana kadhaa, mmoja wao huko Baghdad, hadi akaletwa India. Mtumwa huyo akawa jemadari, kisha mwenye kauli katika ufalme wa Ahmadnagar, na Wamughal, watawala wa kaskazini mwa India, hawakuweza kumwangusha mpaka alipofariki mwaka 1626. Ngome yenyewe waliiteka 1633, yeye keshazikwa.

Mji huu ninaolala aliuanzisha yeye mwaka 1610, ukiitwa Khadki, akauletea maji kwa mifereji inayopita chini ya ardhi. Jioni tulipita kwenye lango lake la Bhadkal, bajaji zikipigiana honi. Nilisimama nikaliangalia hadi mjomba wako akanivuta mkono.

Kaburi lake liko Khuldabad, mbele kidogo ya ngome. Tulimsomea Fatiha. Nikamwombea na mama yake, Zuhura, maana sidhani kama aliwahi kupata habari za mwanawe.

Bangili ulizoagiza nimezipata, nyekundu. Msalimie bibi, na usilale bila chandarua.

Mama yako