Wi-Fi inasumbua wapi, au inasumbua saa ngapi?

Wateja wengi wanaotupigia huanza hivi: "Intaneti inasuasua, nadhani ruta imekufa." Mara nyingi ruta ni nzima. Ndiyo maana kabla ya kufunga safari huwa tunauliza: tatizo linafuata mahali, au linafuata saa?

Ila kwanza tuimalize kebo. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, zima Wi-Fi yake, pima kasi. Ikiwa hata hapo kasi ni ndogo, usihangaike na antena. Shida iko kwenye laini inayoingia nyumbani, kwenye ruta, au kwenye kebo yenyewe. Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya nane, na mmoja tu ukikatika kasi inaweza kugota kwenye megabiti 100 kwa sekunde hata kama umelipia 300. Usichanganye pia megabiti na megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo laini ya megabiti 40 inayopakua faili kwa megabaiti 5 kwa sekunde haijakupunja chochote. Ugomvi mwingi na watoa huduma umeanzia hapo.

Kama kwa kebo mambo ni shwari, shida iko hewani.

Tuseme sebuleni inakimbia, chumba cha mwisho haishiki kabisa. Hilo ni la mahali. Ruta nyingi hurusha masafa mawili, yanayopimwa kwa gigahezi (GHz): 5 GHz, yenye kasi lakini inayochoshwa haraka na kuta, na 2.4 GHz, inayofika mbali zaidi ila kwa kasi ndogo. Zege lenye nondo huimeza mawimbi, tangi la samaki vilevile, na kioo kikubwa cha kujitazamia huyarudisha yalikotoka. Mteja mmoja alikuwa ameifungia ruta ndani ya kabati la chuma kwa sababu taa zake zilimnyima usingizi. Tuliitoa, tukaiweka juu ya rafu karibu na katikati ya nyumba, taa tukazibandika utepe mweusi. Chumba cha mwisho kikashika siku hiyohiyo, bila kununua kitu.

Antena nazo watu huzielekeza kama tochi, ncha ikitazama chumba chenye shida. Ni kinyume chake: antena iliyosimama hutawanya mawimbi pembeni, mfano wa tairi lililolazwa chini, na kwenye ncha ndiko kunakofika hafifu. Zisimamishe wima, kama nyumba ni ya ghorofa, laza moja.

La saa ndilo linalotuchekesha na kututoa jasho. Kuna nyumba intaneti ilikuwa ikizimia kila saa moja jioni. Tulikagua ruta, tukabadili chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho ruta hutumia kurusha, wapi! Kumbe saa hiyo binti wa nyumba alirejea, na simu yake ikishaona Wi-Fi tu ilianza kupandisha picha na video za mchana kutwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupandisha ilikuwa nyembamba, ikajaa, na hata ombi dogo la kufungua ukurasa likabaki kwenye foleni. Tuliipangia simu ipandishe usiku wa manane, kisha tukaweka kikomo cha kupandisha ndani ya ruta.

Kama hakuna anayepandisha kitu, angalia majirani. Kwenye 2.4 GHz chaneli zinazotumika bila kuingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Wapo wanaojificha kwenye 3 wakidhani wamekwepa msongamano, kumbe wamejiongezea. Ruta zilizo chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Zilizopishana nusu husikia kelele tu. Maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, kwa hiyo Wi-Fi ikikatika dakika zilezile inapowashwa, umeshampata mchawi. Hata diski ya USB 3.0 iliyochomekwa nyuma ya ruta hutoa kelele kwenye masafa hayo.

Na je, mtandao wa 5 GHz unapotea ghafla kisha unarudi baada ya dakika moja hivi? Baadhi ya chaneli zake hutumiwa pia na rada, na ruta ikihisi rada inalazimika kuhama, pengine ikisikiliza kwanza sekunde 60 kabla ya kurusha tena. Jaribu chaneli 36 hadi 48.

Vile vikuza mawimbi vya kuchomeka ukutani hatuvipendi sana. Vingi hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi hushuka karibu nusu, na ukikiweka kwenye chumba kisichoshika kitarudia udhaifu uleule. Kama ni lazima, kiweke katikati ya ruta na chumba hicho. Sisi tunapenda kuvuta kebo na kufunga kituo cha pili cha Wi-Fi.

Ukitupigia, tuandalie vipimo vitatu: kasi kwa kebo, kasi ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, na kasi ya chumba chenye shida, kila kimoja asubuhi na jioni. Kwa namba hizo sita tutajua tubebe kebo, ruta, au tukuelekeze kwa simu tu.