Kikao cha Alhamisi: matawi ya msambazaji wetu

Habari za jioni wanakikundi. Alhamisi saa 2 usiku tutapigiana simu ya pamoja hapa hapa kuhusu msambazaji wetu. Tawi moja linakupa siku 30 za kulipa, jingine linataka taslimu kabla ya kushusha mzigo. Huku wanapokea mzigo mbovu ukirudishwa bila maneno, kule unaambiwa "makao makuu hawajaidhinisha". Hivi ni kampuni moja kweli?

Kabla ya Jumatano jioni kila mmoja anitumie:
1. Picha za ankara 2 za mwisho, jina la tawi lionekane.
2. Ahadi yoyote ya maandishi. Za mdomo tuziache, zimeshatuumiza.

Nitaziunganisha tuwaandikie makao makuu barua moja. Tafadhali jibu leo: "Nipo" au "Sipo". Asanteni.